Mama yangu anaomba mtaji wa makala (mkaa) ya mbugani

BARUA

Mama mshauri, jambo sana.

Ninaandika kutoka Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Nimeoa, na nyumbani tunalea watoto wanne: watatu wetu, na mmoja wa shemeji yangu aliyefariki. Usiandike jina langu, tafadhali. Huku kwetu nyumba zimebanana na habari hupita ukutani.

Baba alikufa nilipoanza sekondari. Tulibaki watoto watano. Mama aliuza nyanya, akauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), akaona haifiki, akaingia katika makala. Makala ndiyo yaliyotulipia minerval (karo ya shule) sisi sote, hadi mimi nikamaliza ISP, chuo cha ualimu. Noti alizokuwa ananipa zilikuwa na alama za vidole vyeusi. Siwezi kusema neno baya juu ya kazi ile.

Lakini mama anajua, na soko lote linajua, kwamba makala yanayopendwa hutoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mengine hushuka usiku kwa barabara ya Miti, mengine huja kwa mitumbwi kutoka upande wa Kalehe. Ni mazito, yanashika moto, maharagi yanaiva bila kuongeza. Ya mikaritusi huwaka upesi na kuisha upesi. Mama hununua kwa mtu ambaye naye hununua kwa Batwa, watu wa asili wa msitu ule, waliorudi humo mwaka 2018.

Shemeji yangu niliyemtaja, kaka wa mke wangu, alikuwa mlinzi wa mbuga hiyohiyo. Alipigwa risasi akiwa doria. Aliyempiga hatukumjua mpaka leo. Mke wangu humsalimu mama kwa heshima, humpikia akija kututembelea, lakini habari za makala hataki zitajwe nyumbani.

Februari 2025, siku zile za fujo mjini, depo ya mama iliporwa; hata magunia matupu yalikwenda. Benki zikafunga milango, na likelemba yao ya sokoni, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ikatawanyika. Sasa ameniomba dola mia nne aanze tena kabla ya mvua za Septemba, maana barabara zikiharibika bei hupanda. Pesa hiyo ipo. Mimi na mke wangu tuliiweka kidogo kidogo ili tujenge ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, kwa kuwa mlima unatuteremkia kila mvua.

Nilimwomba mama atafute biashara nyingine. Akanijibu: "Msitu ule ni nyumba ya Batwa, walifukuzwa kama mbuzi. Leo Mtwa anakata mti wa babu yake apate chumvi, wewe unataka nisimnunulie, kwa ajili ya gorila ambaye wazungu wanalipa kumtazama? Huyo gorila alikusomesha?"

Nilipomweleza mke wangu, alisema neno moja tu: "Pesa yetu isiende kununua risasi nyingine."

Nami nimekaa katikati. Darasani nafundisha jinsi msitu unavyoshika maji na udongo. Mwezi uliopita mwanafunzi alinyosha mkono akauliza mbele ya wote: "Mwalimu, ni kweli mama yako anauza makala ya mbuga?" Nilimwambia tuendelee na somo. Usiku sikulala.

Niambie, mama mshauri, kati ya mama yangu na mke wangu, nani mwenye haki?

Mwalimu wa Kadutu


JIBU

Mwalimu, jambo sana, na pole kwa msiba wa shemeji yako. Mpe mke wako pole zangu pia. Kumlea mtoto wa marehemu na watoto wako sahani moja si jambo dogo, na umelipita kwa nusu mstari kana kwamba si kitu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Mwanzoni niliiona kama barua ya miti. Kisha nikaona watu watatu wanaotazama gunia moja, na kila mmoja anaona ndani yake kitu ambacho wengine hawakioni. Mama yako anaona watoto watano waliosoma, na watu walionyang'anywa msitu wao. Mke wako anaona kaka yake. Wewe unaona mlima ulio wazi na wanafunzi wanaokutazama. Unaniuliza nani mwenye haki, na swali hilo linataka mmoja wao awe amekosea. Mimi sijaona bado aliyekosea katika lile analolithamini. Ninachokiona ni kwamba kila mmoja wenu ameacha kuuliza mambo fulani, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Tuanze na mama. Unavyomweleza, ni kama wewe mwenye diploma unajali mazingira, naye mwenye depo hajali. Soma tena maneno yake. Yule mama ametoa hoja ya haki, na sehemu kubwa ya hoja hiyo ni kweli. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kufika 6,000. Batwa kwa maelfu walitolewa humo miaka ile bila fidia. Wengine wao ndio waliomsaidia Adrien Deschryver, mwanzilishi wa mbuga, kufuata nyayo za gorila na kuwazoesha watu, halafu jamaa zao wakabaki kando ya mashamba ya wengine wakifanya vibarua. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali yetu ilivunja haki zao, warudishiwe ardhi, walipwe fidia, waombwe radhi. Kwa hiyo mama yako pale sokoni, bila kusoma ukurasa hata mmoja, amesema jambo ambalo mawakili walilibishania miaka mingi.

Lakini hoja nzuri nayo inapaswa kupimwa. Muulize mama, kwa upole na kwa nia ya kujifunza kweli: katika bei ya gunia moja linalofika Kadutu, ni franka ngapi zinabaki mkononi mwa Mtwa aliyekata mti? Yuko mnunuzi wa kwanza, yuko mwenye lori au mtumbwi, viko vizuizi vya njiani ambavyo kila kimoja kina mkono ulionyoshwa, na wako wenye bunduki ambao katika milima hiyo hawalali njaa. Mama yako amefanya biashara hii miaka mingi, hesabu hiyo anaijua kuliko mimi na wewe. Kama Mtwa anabakiwa na chumvi tu, basi ile haki anayoitetea mama inalipwa kwa kiasi kidogo sana, na waliobaki wanakula kwa jina la Mtwa. Na lipo lingine: uamuzi ule unasema warudishiwe msitu. Ukikatwa wote kabla hawajapewa hati, watarudishiwa nini? Najua Batwa wenyewe hawana sauti moja juu ya hili. Wapo wanaokata, na wapo wanaolia wakiona miti ya dawa inaanguka.

Sasa mke wako. Naona unamhesabu kama mtu aliye upande wa pili wa mama yako. Sina hakika. Mwanamke anayempikia mama mkwe na kumsalimu kwa heshima hajamkataa mama mkwe. Amekataa kitu kimoja, tena kwa sababu ambayo haiwezi kujibiwa kwa hesabu za soko. Walinzi wengi wamekufa katika mbuga zetu za mashariki, na makala ni moja ya mali zinazolisha makundi ya silaha. Hofu yake ina mizizi, ingawa hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba gunia fulani lilinunua risasi fulani.

Hapa nitasema jambo gumu, na nakuomba usilipeleke mezani kwenu kama silaha. Tangu mwaka 2019 mashirika ya haki za binadamu yameandika pia juu ya Batwa waliouawa na kuchomewa nyumba ndani ya mbuga hiyo katika operesheni za walinzi na askari. Msiba wa mke wako na msiba wao uko juu ya milima ileile. Sisemi shemeji yako alihusika kwa lolote. Simjui, nawe hukuniambia. Nakuambia ili uelewe kwa nini mama na mke wako wanaweza kutazama msitu mmoja, na huyu akaona mwenye nyumba aliyefukuzwa, yule akaona mlinzi aliyezikwa, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Ukienda nyumbani ukamwambia mke wako "lakini hata walinzi...", utakuwa umemzika kaka yake mara ya pili. Kuna kweli ambayo ina wakati wake wa kusemwa, na mwingine huenda usifike kamwe.

Nawe je, Mwalimu? Katika barua yako yote, ndefu na nzuri, hukuniambia chakula cha kwenu kinapikwa na nini. Nami napikia makala, kama karibu kila nyumba ya mji huu; umeme wa mto Ruzizi unakuja na kuondoka upendavyo, na gesi si ya mshahara wa mwalimu. Sikuulizi ili nikushike. Nauliza kwa sababu katika mji huu muuzaji ndiye anayenyooshewa kidole, na mnunuzi hufunika sufuria yake kimya. Kama mkaa wenu unatoka kwa mama, au kwa jirani ambaye hamjamuuliza anakotoa, basi hizo dola mia nne si mara ya kwanza pesa yenu kupanda mlima ule. Mke wako pia angehitaji kulifikiria hilo, ila mwache alifikie kwa miguu yake.

Nadhani pia ndani yako kuna sauti mbili, na unazichanganya. Moja inauliza: nikimnyima mama pesa, kuna mti hata mmoja utakaobaki umesimama? Kwa kweli, huenda hakuna. Mtu mwingine atanunua gunia hilo kesho asubuhi. Sauti ya pili inauliza: hata kama hakuna mti utakaookoka, mkono wangu uwe ndani au usiwe? Hayo ni maswali tofauti. Wapo watu ambao kwao matokeo ndiyo yote, na wapo ambao kwao kushiriki peke yake ni uzito usiobebeka. Ukimjibu mke wako kwa sauti ya kwanza ("wengine watanunua tu"), hatasikia kitu, kwa kuwa yeye anaongea kwa ya pili. Tena jihadhari na ile ya kwanza. Mwanafunzi akikuambia amenakili mtihani kwa sababu darasa zima linanakili, utampa alama?

Kwa upande mwingine, sauti ya pili nayo hudanganya. Mtu anaweza kuweka mikono yake safi kwa kumwacha mama yake achafue yake peke yake. Umefika darasani kwa makala. Ukisema leo kwamba makala ni haramu, mama atasikia kwamba maisha yake yote yalikuwa haramu, na sidhani kama ndivyo unavyomaanisha.

Tuje kwenye njia zilizopo, na nitakuambia pia zinakoweza kukuangusha.

Unaweza kumpa mama pesa kimyakimya. Wanaume wengi wa mji huu wangefanya hivyo leo jioni. Lakini pesa ile mliiweka wawili, na nyuma ya nyumba mlima unashuka. Mvua ya kwanza ikija na ukuta haupo, mke wako atauliza, na hapo hamtakuwa mnaongea tena juu ya makala.

Unaweza kumpa kwa sharti: anunue makala ya miti iliyopandwa tu, mikaritusi ya Kabare na Walungu, au ya Idjwi. Njia hii inavutia, na ndiyo ambayo mwalimu wa biolojia angeipenda. Mkaritusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na baada ya miaka kadhaa hukatwa upya. Mti wa msituni wa miaka mia hauna mwendo huo. Tena kwa tanuru la udongo la kienyeji, kilo moja ya makala hula kilo saba hivi za mti, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kila gunia ni mti mwingi kuliko unavyofikiri. Hatari zake ni hizi: wateja wa mama wamezoea makala mazito na watahamia meza ya pili, wachuuzi huchanganya magunia, msitu chini na mkaritusi juu, na usiku hakuna anayechungulia, na mkaritusi wenyewe ukipandwa karibu na chemchemi hunywa maji ya kijiji. Kubwa kuliko yote, sharti linalotoka kwa mtoto kwenda kwa mama lina uchungu wake. Kama utakwenda njia hii, huenda ni bora wazo litoke kinywani mwake. Muulize: "Mama, kama ungepata ya mikaritusi kwa bei itakayokuacha na faida, ungeyauzaje?" Mfanyabiashara akiulizwa swali la biashara hujibu kama mfanyabiashara. Anaweza kukushangaza, kwa mfano kwa kuuza kwa ndoo kwa wenye majiko yaliyoboreshwa, ambao moto wao hautawanyiki na hawahitaji mkaa mzito sana.

Au abadili biashara kabisa: unga, maharagi, mafuta ya mawese. Umeshamwambia, akakataa, nami ninamwelewa. Mtaji wake mkubwa si zile dola. Ni wateja wanaomjua, ni madeni anayodai na kudaiwa, ni kujua kwa kidole tu kama gunia lina maji. Vyote hivyo hubaki nyuma mtu akihamia meza nyingine, na kwa umri wake kuanza upya ni kuanza chini ya wasichana wa juzi.

Iko njia nyingine ambayo barua yako imeipita mbio. Mlikuwa watoto watano. Wanne wengine wako wapi? Makala yaliwasomesha wote, kwa nini mzigo umekaa kichwani mwako peke yako? Labda wako mbali, labda hali zao ni mbaya kuliko yako, labda wewe ni mkubwa. Lakini kama kila mmoja angeleta kidogo, sura ya jambo ingebadilika: ukuta ungejengwa, na pesa ya mama isingekuwa pesa ya mke wako. Ila usije ukaligeuza hili kuwa posho ya mwezi ili akae nyumbani. Mama hakuomba kulishwa. Aliomba mtaji. Mwanamke aliyelea watoto watano kwa mikono yake akiwekwa kwenye kiti asubiri bahasha ya wanawe, anaweza kuona kwamba mmeokoa msitu na kumpoteza yeye.

Umeona sijakuambia utoe au usitoe. Sina mizani ya kupima gorila dhidi ya minerval, wala mlinzi aliyekufa dhidi ya Mtwa asiye na ardhi, na ningemwogopa anayesema anayo. Gorila wa nyanda za juu za Kahuzi walikuwa zaidi ya 200 kabla ya vita vya miaka ya tisini, na mwaka 2000 walikuwa 130 hivi tu; hilo linaniumiza kweli. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa minerval ananiumiza pia, na maumivu haya hayafutani.

Yule mwanafunzi wako anangojea bado. Ulimwambia mwendelee na somo, na pengine swali lake ndilo lilikuwa somo. Si lazima umweleze mambo ya nyumbani kwako. Unaweza kuwapa darasa zima kazi: kila mmoja aulize nyumbani makala yao yanatoka wapi, alete jibu, halafu mlijadili bila kumtaja mzazi wa mtu. Fikiria kwanza usalama wenu, maana siku hizi kuuliza habari za biashara ya usiku kunaweza kumkasirisha mtu. Kama unaona kuna hatari, iache.

Kuhusu mazungumzo, ningekuomba uanze na mke wako, na usianze na pesa. Anza na kaka yake. Muulize yeye mwenyewe kaka alikuwa anausemaje msitu ule, kwa nini aliichagua kazi ile, aliwasemaje Batwa. Huenda hamjawahi kuliongea hilo, mmekwepa kama mnavyokwepa makala. Baada ya hapo, dola mia nne zitakuwa na wenyewe wawili tena, na mtakwenda kwa mama pamoja au utakwenda peke yako ukiwa na neno lenu wote.

Ukimuuliza mama ile hesabu ya gunia, nani anabakiwa na nini kutoka kisiki mpaka Kadutu, niandikie alivyokujibu. Wasomaji wangu wengi wako kwenye meza za soko hilohilo, na wangependa kuona kama hesabu yake inafanana na yao.